Mamba Kibete wa Misitu ya Afrika

Msikilizaji aliyezoea habari za mamba wa Nile, ambaye dume lake huweza kupita mita 4, atashangaa kusikia kwamba katika misitu minene, kuanzia Afrika Magharibi hadi bonde la Kongo, yuko mamba ambaye hata akikomaa kwa kawaida hazidi mita 1.5. Huyu ni mamba kibete, aliyepewa na Edward Drinker Cope mwaka 1861 jina la kitaalamu Osteolaemus tetraspis. Ngozi yake imejengewa vibamba vya mfupa mgongoni, shingoni na hata tumboni, na kope zake pia zina mfupa. Mchana hujificha mashimoni kando ya vijito, na usiku hutoka kutafuta samaki, kaa, vyura na wadudu, akitembea mbali na maji wakati wa mvua.

Jambo la ajabu zaidi ni uzazi wake, kwani mayai ya mamba huhitaji joto, ilhali jua haliifikii vizuri sakafu ya msitu. Jike hukusanya majani na udongo kuwa rundo, akataga humo mayai yapatayo 10, na bakteria na kuvu wanaoozesha majani hayo ndio wanaotoa joto la kuyaatamia kwa miezi mitatu hivi. Joto hilo ndilo linaloamua jinsia ya watoto, kwa kuwa mamba hawana kromosomu za jinsia. Huko Amazon, jamaa yake mdogo aitwaye Paleosuchus trigonatus hutatua tatizo hilohilo kwa kujenga kiota ubavuni mwa kichuguu, akanufaika na joto la mchwa.

Binadamu ndiye adui mkubwa wa mamba kibete. Ingawa mkataba wa CITES unazuia biashara yake ya kimataifa, nyama yake huuzwa sana katika masoko ya Afrika ya Kati, ambako wachuuzi humsafirisha akiwa hai, mdomo umefungwa, kwa sababu huvumilia siku nyingi bila chakula na hivyo nyama haihitaji barafu. Hasara hiyo ni nzito kuliko inavyodhaniwa, kwani uchunguzi wa vinasaba umebainisha kwamba waliohesabiwa kuwa spishi moja, yaani aina moja ya viumbe wanaozaana, ni angalau spishi tatu, ikiwemo Osteolaemus osborni ya bonde la Kongo. Kwa hiyo wingi wa mamba wa Kongo hauwezi kamwe kufidia wale wanaotoweka Afrika Magharibi.