Vakansi ni ya watoto wote

(Maneno yaliyotolewa mbele ya wanachama, hapa Kasongo, kabla ya masomo kufungwa. Tunayaandika kwa ajili ya wandugu wa Kabambare ambao hawakuweza kufika, na kwa wafadhili wetu.)

Ninyi mliotoka Kabambare kwa pikipiki, poleni na vumbi.

Mumeniomba niseme juu ya watoto wenye ulemavu wakati wa vakansi. Nitasema jambo moja tu, mengine yote ni matawi yake. Mtoto ambaye hakucheza na wenzake mwezi wa Agosti, ni vigumu sana aingie nao darasani mwezi wa Septemba. Mlango wa masomo unafunguliwa kwanza uwanjani.

Tuangalie vakansi yetu ilivyo. Masomo yanafungwa mwanzo wa mwezi wa Julai, yanafunguliwa Septemba. Miezi hiyo kwetu ni kiangazi. Na kiangazi, mnajua wenyewe, ndio wakati wa kufyeka mashamba na wa kuvua samaki katika mito iliyopungua maji. Mama anatoka alfajiri, anarudi jua likiwa limeinama. Watoto wenye nguvu wanamfuata shambani au wanapiga mpira barabarani. Yule asiyetembea, au asiyeona, au mwenye kifafa, anabaki. Mara nyingine anabaki na bibi. Mara nyingine anabaki na dada yake wa miaka 10, ambaye vakansi yake yote inaishia mgongoni, amebeba mdogo wake. Na mara nyingine mlango unafungwa kwa nje.

Wandugu, mama anayefunga mlango si mama mbaya. Anaogopa moto, anaogopa kisima, anaogopa watu. Lakini asipolima, jioni hakuna bukari wala mchele. Tukimlaumu bila kumpa njia nyingine, tumefanya kazi bure.

Kwetu sisi tuliorudi, jambo hili ni zito zaidi. Wako kati yenu waliokaa Nyarugusu, kule Kasulu, katika kambi iliyofunguliwa 1996. Kambini maisha yalikuwa magumu, lakini nyumba zilikuwa karibu karibu, na chakula kilikuwa cha kugawiwa. Mtu mkubwa hakukosa barazani. Wengine mlikimbia vita vya Salamabila, mkakaa kwa jamaa, watu wengi nyumba moja. Sasa mumerudi kwenu. Kurudi ni baraka, lakini kurudi kunamtoa mzazi nyumbani na kumpeleka shamba la mbali. Jirani wa zamani hayupo tena, au bado hamjazoeana. Njo maana mtoto ambaye ukimbizini alikuwa na macho mengi ya kumwangalia, hapa kwao anaweza kukaa peke yake siku nzima.

Tena hatuwezi kusema watoto hao ni wachache. UNICEF ilihesabu 2021 kwamba duniani kuna karibu watoto milioni 240 wenye ulemavu, yaani karibu mmoja kati ya 10. Na sisi tumepitia mengi: vita, surua ambayo 2019 iliua watu zaidi ya 6,000 katika nchi yetu, na polio iliyoonekana hapa Maniema 2017. Kama avenue yenu ina watoto 100 na munajua wawili tu wenye ulemavu, wengine wako ndani ya nyumba.

Namna ya kuwapata ni namna ya kuuliza. Ukibisha hodi na kusema, «Kuna kilema hapa?», utajibiwa hapana, na mama atakuwa na haki ya kukujibu hivyo. Uliza juu ya watoto wote wa nyumba, mmoja mmoja, kwa jina. Anaona vizuri? Anasikia? Anatembea na kupanda ngazi bila shida? Anakumbuka na kufuata jambo? Anaweza kujiosha na kuvaa mwenyewe? Anaeleweka akisema? Hayo maswali 6 yanatumika katika nchi nyingi, na hayamtukani mtu. Mtoto anayepata shida kubwa katika moja, andika jina lake.

Sasa, tufanye nini? Najua pendekezo linalokuja haraka: tuweke siku moja ya walemavu, tugawe sabuni na biskuti, tupige picha. Ninawaomba tusifanye hivyo. Siku ile ikipita, mtoto anarudi ndani, na avenue nzima imejifunza kwamba yeye ni mtu wa kuwekwa kando. Tufanye michezo ya watoto wote, na tuipange ili na yeye aweze kuingia.

Mpango wenyewe ni huu. Asubuhi tatu kwa juma, kuanzia saa mbili mpaka saa tano, kabla jua halijawa kali. Chini ya miembe, au katika uwanja wa masomo, wa parokia au wa msikiti, pale ambapo watoto wamezoea. Familia 12 zinajiunga, zenye mtoto mwenye ulemavu na zisizo naye. Kila asubuhi familia tatu zinashika zamu, kila moja inatoa mtu mkubwa mmoja. Pigeni hesabu: kila familia inafanya zamu asubuhi moja kati ya nne. Zile tatu zinazobaki, mama anakwenda shambani bila kufunga mlango, na dada wa miaka 10 anaweka mdogo wake chini, anacheza na yeye. Kwa majuma 8 hizo ni asubuhi 24, na zamu 6 tu kwa kila familia. Tunajua salongo, tunajua likelemba. Hii ni likelemba ya masaa.

Na michezo? Tunayo tayari, tuitengeneze kidogo tu. Mpira ukiufunga ndani ya mfuko wa plastiki, unalia ukibingirika, na asiyeona anausikia. Firimbi haimsaidii asiyesikia, kwa hiyo anayeongoza anyanyue mikono miwili juu, na watoto wote wajifunze alama hiyo. Nzango inachezwa kwa miguu, lakini watoto wanaweza kuicheza wakiwa wameketi, kwa mikono na makofi, na asiyetembea anamshinda anayetembea. Vitendawili na hadisi havitaki miguu wala macho. Ngoma, asiyesikia anaweza kuihisi akiweka kiganja juu yake. Mtoto anayechelewa kuelewa, mwonyeshe mchezo badala ya kumweleza, mpe rafiki mmoja wa kukaa karibu naye, na usibadili mchezo kila dakika. Tena kuwe na mkeka kivulini kwa anayechoka. Kupumzika si aibu.

Kuna mambo ya usalama ambayo hatutayalegeza. Watu wakubwa wasipungue wawili hata dakika moja, na hakuna mtu mkubwa anayebaki na mtoto peke yake nyumbani au chooni. Watoto wasioweza kusema ndio wanaodhuriwa kwa urahisi, sababu mtu mbaya anajua hawatasimulia. Mwenye kifafa asicheze karibu na moto wala mto. Akianguka, ondoeni vitu vya kumuumiza, mlazeni ubavu, msitie kijiko wala kitu chochote mdomoni, mkae naye mpaka azinduke. Kama mtikisiko unapita dakika 5, akimbizwe kwa muganga. Na povu lake halimwambukizi mtu. Kifafa hakiambukizi.

Nasikia sauti ya mzee mmoja moyoni mwangu: «Mwanangu, chama kina shida ya mbegu na ya mabati, wewe unatuletea michezo?» Mzee, ni swali la haki. Jibu langu la kwanza ni hili: asubuhi 18 ambazo mama anakuwa huru kulima, hizo nazo ni mbegu. Jibu la pili ni masomo. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini mtoto mwenye ulemavu bado anabaki nyumbani, hata pale ambapo hakuna pesa ya kulipa. Mzazi anaogopa atachekwa. Mwalimu anaogopa hataweza. Watoto wengine wanaogopa sababu hawajamgusa. Hofu hizo tatu haziondolewi na barua kutoka Kindu. Zinaondoka pale watoto wanapokuwa wamecheza pamoja majuma 8, na siku ya kufungua masomo wanapita nyumbani kumchukua mwenzao kwa jina lake.

Njo maana ninaomba kila kikundi kimwalike mwalimu mmoja wa karibu, hata kwa asubuhi mbili za Agosti. Amwone mtoto akiwa anacheka na kushindana. Mwalimu aliyemjua mtoto uwanjani hatamshangaa darasani.

Sheria iko upande wetu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Tarehe 30 Septemba 2015 nchi yetu iliingia katika Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki zao, na kifungu cha 30 kinataja wazi michezo na mapumziko ya watoto. Kisha ikaja sheria ya tarehe 3 Mei 2022. Na wale wanaosema mtoto amelogwa au ni mchawi, wajue sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshtaki mtoto uchawi. Lakini sheria haina mikono. Mikono ni yetu.

Neno kwa wafadhili wetu, ambao watasoma haya katika gazeti letu. Tunawashukuru. Tusaidieni na vitu vidogo vinavyokaa: mikeka, kamba, mipira, ndoo zenye bomba na sabuni, mchele na karanga za uji. Kama munataka kuleta trisikli, tuulizeni kwanza kama mataire yake yanapatikana sokoni hapa na kama njia inapitika. Huku vijijini, mara nyingi kinga nzuri yenye kiti nyuma inamfikisha mtoto kuliko kigari kinachozama mchangani. Na mkija kutuuliza matokeo, msihesabu tu watoto waliokuja Julai. Hesabuni walioandikwa Septemba, na ambao bado wako darasani baada ya Noeli.

Ninamaliza na kazi tatu, tuzifanye kabla masomo hayajafungwa. Moja, kila avenue na kila kijiji cha wanachama, Kasongo na Kabambare, ichague mama mmoja na baba mmoja wa kupita na maswali yale 6. Mbili, familia 12 za kwanza zikae, zipange zamu na mahali, na zikague choo na maji. Tatu, tuwaone viongozi wa parokia na wa msikiti, skuti na vikundi vingine vya vijana ambavyo vinakusanya watoto kila vakansi. Tusianzishe kitu kipya pale ambapo kingine kipo. Tuwaombe tu wafungue nafasi, na tuwaonyeshe namna.

Anayetaka kuandikisha kikundi chake anione hapa mlangoni tukitoka. Nimekuja na daftari.