Tusichague kwa Macho ya Siku Moja

Juma lililopita nilikuwa Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, nimekaa mbele ya duka nikisikiliza vijana wakibishana juu ya usajili. Mmoja aliapa kwamba Simba watamchukua fulani, mwingine akaapa kwamba huyo tayari ni wa Yanga. Kila mmoja alisema kwa hakika, utadhani alikuwapo mkataba ulipotiwa saini. Nikacheka moyoni, maana ubishi wa namna hii wenzetu wa Marekani wameugeuza kazi ya mshahara.

Kule kuna mpira wao wa kofia ngumu, ambao mpira wenyewe umechongoka huku na huku na hubebwa mikononi zaidi kuliko kupigwa kwa miguu. Ligi yao ina timu 32. Kila mwezi wa Aprili timu hizo hukutana kugawana vijana wanaotoka vyuoni. Wenyewe huita drafti, ingawa haihusiani kabisa na drafti yetu ya vizibo vya soda. Timu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita hupewa nafasi ya kuchagua kwanza, na bingwa huchagua mwisho. Wakishamaliza mzunguko mmoja huanza mwingine, hadi mizunguko saba. Nia yake ni kwamba mnyonge naye apate nguvu.

Basi miezi kadhaa kabla ya siku hiyo, watabiri hujaa magazetini na katika televisheni, wakiandika timu ipi itamchukua nani. Nao hawasemi hewani tu. Vijana hupimwa urefu na uzito, hupimwa mbio na kuruka, hata ukubwa wa viganja vya mikono.

Pamoja na vipimo vyote hivyo, wanakosea. Drafti ya kwanza ilifanyika Philadelphia mwaka 1936, na kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger, hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Mwaka 2000 kijana mmoja aitwaye Tom Brady aliachwa hadi mzunguko wa sita, akachukuliwa wa 199. Huyo ndiye aliyekuja kutwaa ubingwa mara saba.

Sisi Watanzania nasi tuna ukurasa wetu katika habari hizi, kwa upande wa mpira wa kikapu. Tarehe 25 Juni, 2009, katika drafti ya ligi ya NBA, timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, akiwa wa pili kati ya vijana wote. Alikuwa na urefu wa mita 2.21. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika huko kabla yake, na nakumbuka nilitembea kifua mbele kana kwamba ni mimi niliyemzaa. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry, kijana ambaye wengi walimwona mwembamba mno. Kabla msimu wa kwanza haujaisha, Thabeet alipelekwa kwa muda katika ligi ya chini kujifunza zaidi. Curry, yule mwembamba, akaja kuwa bingwa mara nne.

Simtaji Thabeet ili kumcheka. Alianza kucheza kikapu akiwa kijana mkubwa tayari, na kufika alikofika ni jambo la heshima. Ile namba mbili hakujivika mwenyewe. Alivikwa na watu wenye futi ya kupimia, kisha wakamlaumu yeye kwa hesabu yao.

Nasema hivi kwa sababu na mimi niliwahi kushika futi hiyo.

Mwaka 1998 nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi Karagwe. Wakati huo Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe, wilaya moja kubwa. Niliteuliwa kuwa miongoni mwa walimu wa kuchagua timu ya soka ya wilaya kwa mashindano ya UMITASHUMTA. Mvua za El Niño zilikuwa zimeharibu barabara vibaya. Watoto wa upande wa Murongo, kule mpakani na Uganda, walipakiwa kwenye lori, likakwama matopeni, wakalala njiani. Walifika Kayanga siku ya pili yake mchana, na jioni ile ile tukawaingiza uwanjani.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa Murongo, mfupi, mwenye mguu wa kushoto. Pasi zake mbili tatu za mwanzo zilinifanya nisimame. Kisha akafifia, akawa anatembea tu. Katika nafasi yake alikuwapo mwingine wa hapa hapa Kayanga, mrefu, mwenye mwili, aliyelala kwao na kula ndizi na maharage ya mama yake. Tulipokaa kikao mwenzangu mmoja alisema, "Huyu mfupi hana pumzi." Hakuna aliyebisha. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, nami nikalikata jina.

Miaka mingi baadaye nilikuwa Nkwenda siku ya gulio. Mtu mzima aliyekuwa akipakia magunia ya kahawa aliacha kazi yake, akanijia.

"Shikamoo, mwalimu. Hunikumbuki. Mimi ni wa Murongo, wa lile lori."

Tukaongea. Hakuwa na kinyongo, alitaka kusalimia tu. Wakati wa kuagana ndipo aliponiambia: "Mwalimu, siku ile tulikuwa hatujala tangu jana yake. Hakuna aliyetuuliza."

Ndugu wasikilizaji, sisemi kwamba mtoto yule angefika Taifa Stars. Hiyo nayo ingekuwa ramli. Ninachosema ni kwamba sikupima kipaji chake. Nilipima njaa yake, nikaiandika kwa jina la kipaji.

Marehemu bibi yangu, aliyekuwa na shamba Nyaishozi, hakujua kusoma, lakini katika kuchagua alinishinda. Alipotafuta chipukizi la mgomba la kupanda, aliliacha lile lenye majani mapana mazuri, akachukua lenye majani membamba kama upanga. Lile la majani mapana, alisema, limeshikana na mama yake juu juu tu, halina nguvu. Hakuamua akiwa amesimama. Aliinama, akafukua udongo kidogo, akatazama shina.

Mwaka 2012 Kyerwa ilikuwa wilaya kamili. Tangu hapo upande ule huunda timu yake, na watoto wa Murongo, Kaisho na Isingiro hawalazimiki tena kufika Kayanga ndipo waonekane. Nafasi ziliongezeka mara mbili. Je, vipaji navyo viliongezeka mwaka huo? La hasha! Vilikuwapo siku zote. Kilichopungua ni umbali kati ya mtoto na macho ya mchaguzi.

Kutabiri hakuna dhara. Vijana wa Kayanga waendelee kubishana, gazeti la kesho litawaumbua, nao watacheka. Bali anayechagua hana ruhusa ya kucheka, kwa kuwa akikosea mwingine ndiye anayelipa. Kwa hiyo nawaomba wote wenye kalamu ya kukata majina, wawe walimu wa michezo au wakubwa wa ofisi huko mijini wanaowasaili vijana kwa dakika kumi: aliyetoka mbali ale kwanza, alale, kisha mtazameni mara ya pili. Na majina ya walioachwa yasitupwe. Yawekeni, myafungue tena mwaka ujao.

Orodha yangu ya mwaka 1998 niliitupa. Jina la mtoto yule sikulikumbuka hadi aliponitajia mwenyewe, gunia likiwa begani.

Kwaherini.