Maji yafikayo baharini hayajapotea
*Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi na wavuvi wa Bamburi*



Nimekuja kuzungumza juu ya kulinda mikondo ya mito kwa ajili ya samaki, na najua swali la kwanza: Bamburi kuna mto gani? Wa kuonekana hatuna. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe ya kale, yana matundu, na mvua ikinyesha huzama. Ila maji hayo hayakai huko chini. Hutembea polepole kuelekea pwani. Anayepita ufuoni maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, huona mahali ambapo vijito vidogo vinatoka mchangani. Huo ndio mto wetu. Aliyeingia Haller Park ameuona pia: yale mabwawa yako ndani ya mashimo yaliyochimbwa mawe ya simiti, na wachimbaji walishuka hadi karibu na maji ya ardhini. Mivinje ambayo René Haller alianza kuipanda pale mwaka wa 1971 ilikuwa inasimama juu ya mto uliofichika.

Mito ya kuonekana iko kwa majirani. Kombeni na Tsalu hushuka kutoka bara na kuingia mkono wa bahari wa Tudor. Mto Mtwapa unaingia kaskazini kwetu. Mwache unatoka Kwale na kumwaga maji yake Port Reitz, upande wa Changamwe.

Mvua kubwa ikipita, watu husema maji yote yamepotea baharini. Hayajapotea. Mchukueni kamba. Huzaa kwenye bahari ya chumvi, lakini wadogo wake huingia ndani kwenye mikoko, pale maji matamu yanapochanganyika na ya chumvi. Hulelewa humo, na wakikua hutoka tena. Mkizi na mwatiko wachanga nao hukimbilia humo humo, kwa sababu kuna chakula na samaki wakubwa hawafiki kwa urahisi. Mto ukikatwa juu, mahali pa malezi panaharibika chini, na mvuvi aliye mbali kabisa na mto huo atashangaa mbona nyavu ni nyepesi.

Tena si wingi wa maji peke yake. Wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, mito ilishuka na udongo mwingi kutoka juu, na huko Mwache mikoko mingi ikafa. Mkoko hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope. Ukiifukia, mti unakosa pumzi. Kwa hiyo anayelima hadi ukingoni mwa mto kule bara anagusa chakula cha mtu wa Mikindani, hata kama hawajawahi kuonana.

Sheria imeliona jambo hili. Sheria ya Maji ya 2016 inataja akiba: kiasi na ubora wa maji yanayotakiwa kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa kulinda viumbe vya majini. Samaki wametajwa pamoja na sisi, na si kwa hisani.

Hapa nataka kusema wazi. Mombasa inakunywa maji ya wengine: ya chemchemi za Mzima, ya Baricho, ya Marere, ya Tiwi. Hayatoshi. Bwawa la Mwache linakusudiwa kutuongezea maji sisi na ndugu zetu wa Kwale, na hakuna mtu anayenunua mitungi ya mkokoteni kila siku atakayelipinga. Mimi pia nataka mfereji ufunguliwe utoe maji. Lakini bwawa lolote huzuia mto, na kuzuia kuna masharti. Mkiitwa kwenye kikao cha kutoa maoni, msiulize kuhusu ajira na fidia tu. Ulizeni: maji kiasi gani yataachwa yateremke, miezi gani, na nani atayapima? Msimu wa mvua usiopeleka maji chini si msimu kwa kamba.

Tukirudi nyumbani, visima. Kila nyumba mpya ya ghorofa inataka kisima chake na pampu yake. Ukivuta kupita kiasi, bahari inaingia chini ya ardhi kujaza pengo, na kisima cha jirani kinageuka chumvi. Na shimo la choo lililojengwa vibaya linamwaga ndani ya mto ule ule uliofichika, unaotokea ufuoni mbele ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka wa 1986. Uchafu huo ni mbolea kwa mwani, na mwani ukizidi hufunika matumbawe.

Wengi huja ofisini kwetu kuulizia kibali cha kisima, wakapoteza nauli. Kibali cha kuchimba na kuvuta maji hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo ni ya serikali ya kitaifa. Maji taka, mifereji ya mvua na takataka ni kazi ya kaunti. Hizo tulaumuni sisi, na mkituletea malalamiko andikeni mahali, tarehe na saa, mkiweza na picha. Wavuvi, pitisheni kwa BMU yenu, maana barua ya kikundi hufuatiliwa kuliko ya mtu mmoja.

Nimeona mikono imeinuka huko nyuma tangu nilipotaja visima. Tuanze na mzee aliyevaa kofia, kisha yule mama wa samaki aliye karibu na mlango.