Kicheko Kinachojenga na Kicheko Kinachoua
Maneno yaliyosemwa mbele ya familia za wakimbizi wa ndani na viongozi wao



Tulipowaambia kwamba tutazungumza juu ya kicheko, wengine walishangaa. Mtu aliyepoteza shamba na mifugo atacheka nini? Lakini sote tunajua kwamba hata katika shida watu wetu wanacheka. Jioni, vijana wanaigiza namna mkubwa fulani anavyosema kwenye redio, na wote wanacheka mpaka machozi. Swali letu ni hili: kicheko hicho kinajenga au kinabomoa?

Tuanze mbali kidogo. Huko Marekani kuna kipindi cha televisheni kinachoitwa The Daily Show. Kilianza mwaka 1996, na kinaonyeshwa usiku, watu wakiwa wamekwisha kurudi nyumbani. Mtangazaji anakaa nyuma ya meza kama msomaji wa habari, amevaa suti, ila kazi yake ni kuchekesha juu ya habari za siku na juu ya wanasiasa. Jon Stewart alikiongoza tangu 1999 mpaka 2015. Baada yake akaja Mwafrika, Trevor Noah, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1984. Mama yake ni Mxhosa na baba yake ni Mswisi, na wakati huo sheria ya ubaguzi wa rangi ilikataza watu kama hao kuishi pamoja. Kijana ambaye kuzaliwa kwake kulihesabiwa kuwa kosa akaja kuketi mbele ya Marekani nzima mpaka Desemba 2022. Mwaka 2024 Stewart alirudi, akaanza kukiongoza tena siku za Jumatatu.

Namna yao ya kufanya kazi ni rahisi. Wanachukua maneno ambayo kiongozi amesema leo, wanayaweka kando ya maneno aliyosema yeye mwenyewe zamani. Mara nyingi hakuna haja ya kuongeza kitu. Watu wanacheka, na wakicheka wanakumbuka. Kiongozi anayejua kwamba watu wanakumbuka anachunga kinywa chake.

Kuna siku kicheko hicho kilinyamaza kusudi watu wasikike. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 huko New York, wengi waliofanya kazi ya kuokoa watu na kuondoa vifusi walipata magonjwa kwa sababu ya vumbi. Mwezi wa Desemba 2010, sheria ya kulipia matibabu yao ilikuwa imekwama katika Baraza la Seneti. Stewart aliwaita wanne kati ya wagonjwa hao katika kipindi chake, akawaacha waeleze wenyewe. Kabla ya mwezi kwisha sheria ilipita, na Rais Obama aliitia sahihi tarehe 2 Januari 2011. Hatusemi kwamba mchekeshaji ndiye aliyeipitisha peke yake. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamepiga hodi kwenye milango ya wakubwa kwa miaka mingi. Lakini alitumia meza yake kuwapa nafasi wale ambao hawakusikilizwa.

Sasa turudi karibu. Mwezi wa Julai 1993, huko Rwanda, ilianza redio iliyoitwa RTLM. Haikuwa na sauti kavu ya redio ya serikali. Ilipiga muziki mzuri, watangazaji wake walisema lugha ya mitaani na walijua kuchekesha. Vijana waliipenda. Na ndani ya mzaha huo Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende. Kuanzia Aprili 1994 redio hiyohiyo ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha, na wauaji wakaenda. Mwezi wa Desemba 2003, mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji kuelezwa moto ule ulifika wapi. Wazee wetu walisema: mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Basi tunaweza kutofautisha namna gani? Tunawaachia maswali matatu.

La kwanza: tunamcheka nani? Mwenye nguvu anayetumia nguvu vibaya, au mnyonge asiyeweza kujibu?

La pili: tunacheka tendo, au tunacheka kuzaliwa kwa mtu? Tendo linaweza kubadilishwa. Kabila, pua na lugha ya mama havibadiliki.

La tatu: ni kweli? Mzaha uliojengwa juu ya uongo ni uvumi uliovaa nguo ya sikukuu.

Maswali hayo yanafaa sana kwa simu. Mwezi wa Februari 2025, kambi za kandokando ya Goma zilipobomolewa, familia nyingi zilitawanyika bila kujua kesho. Wakati kama huo ndipo sauti na picha za kuchekesha kabila fulani zinapopita haraka kutoka simu hadi simu. Kijana, kabla hujatuma, jiulize maswali haya. Ukikosa jibu zuri, acha.

Wengine watauliza: je, na sisi tuanze kuwacheka wakubwa? Tunajibu kwa uangalifu. Katika Misri, daktari wa upasuaji wa moyo, Bassem Youssef, alianzisha kipindi mwaka 2011 kwa kufuata mfano wa Stewart. Mamilioni walikipenda. Mwaka 2013 aliitwa kuhojiwa na mwendesha mashtaka, na mwaka 2014 kipindi kikafungwa. Hatuwaombi mkamcheke mtu mwenye bunduki. Uhai wenu ni wa thamani kuliko mzaha wowote.

Lakini kuna mambo yaliyo mikononi mwetu sisi wenyewe. Wakuu wetu na wanakamati, mkiona vijana wanaigiza orodha ya mgao ambayo jina moja limeandikwa mara tatu, msiwafukuze. Angalieni orodha. Mama asiyethubutu kusimama mkutanoni na kusema "tokeni yangu imeenda wapi?" atacheka pamoja na wengine, na katika kicheko hicho mtasikia swali lake. Kiongozi anayeweza kuchekwa kidogo na kurekebisha kosa lake anaaminiwa. Anayekasirikia mchezo wa watoto, watu wanajiuliza anaficha nini.

Na ninyi vijana, mnapoandaa mchezo wa jioni, waweke pamoja watoto wa makabila mbalimbali. Kila mmoja aanze kwa kuchekesha juu ya watu wake mwenyewe. Wazee wasikilize kwanza kabla ya watu wote kukusanyika, si kwa kuwafunga vinywa, bali kwa kuonyesha neno linaloweza kuumiza jirani.

Ndugu zetu, vita vimewanyang'anya vitu vingi, lakini kinywa bado ni chenu. Kitumieni kwa namna ambayo jirani yenu wa kabila lingine ataweza kuketi hapo, kucheka pamoja nanyi, na kwenda kulala bila hofu.