Heshima ya Mzee Imo Katika Daftari la Chama
(Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya kahawa, Kilimanjaro)



Kila tarehe 1 Oktoba huadhimishwa Siku ya Wazee, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Siku hiyo maneno mazuri husemwa kwa wingi. Mimi nataka tutazame siku zote za msimu, kwa kuwa katika ushirika heshima ya mzee hupimwa mizanini, katika leja na mkutanoni.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Kizazi kilichotangulia kiliunda KNCU mwaka 1933. Wazee tulio nao leo waliona vyama vikuu vikivunjwa mwaka 1976, wakashiriki kuvijenga upya baada ya sheria ya mwaka 1982 kuviruhusu tena. Pale hati ya kiwanja cha chama ilipopotea, shahidi wa mpaka ni mzee huyo huyo.

Basi nawaomba makatibu wazingatie mambo manne.

Kwanza, mizani. Mzee asiyeona vizuri asomewe uzito kwa sauti, mbele ya mtu aliyemchagua mwenyewe, kisha akabidhiwe stakabadhi yake mkononi.

Pili, malipo. Siku hizi fedha hupitia benki na simu. Katibu ahakikishe kuwa akaunti au namba iliyoandikwa ni ya mwanachama mwenyewe. Kijana anayembebea babu yake kahawa hadi ghalani anastahili shukrani, lakini mwenye mazao ni babu. Mzee akitaka mtu ampokelee fedha, idhini iandikwe, atie sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi, naye abaki na haki ya kuifuta.

Tatu, mrithi. Kila mwanachama amtaje kwa maandishi mrithi wa hisa zake angali hai. Mjane asije akahangaishwa kwa kukosekana mstari mmoja katika daftari.

Nne, kura. Kanuni yetu ni mwanachama mmoja, kura moja. Haisemi kura hupungua nguvu pamoja na miguu. Mkutano Mkuu ufanyike mahali mzee anapoweza kufika, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe polepole ili aifahamu.

Ndugu Wanachama, kanuni za ushirika zilizopitishwa na vyama vya dunia huko Manchester mwaka 1995 zinatutaka pia tuijali jamii. Chama chenye ziada kinaweza kutenga fungu la kuwasaidia wazee wasio na wa kuwatunza. Fungu hilo lipitishwe na Mkutano Mkuu, liingizwe katika makisio, na likaguliwe kama fungu lingine lolote. Msaada usioandikwa hupotelea njiani kabla haujamfikia mwenyewe.

Uzee ni safari yetu sote. Tulitunze leo jina la mzee katika daftari, ili nasi kesho tuyakute ya kwetu.