Mboji na Risasi: Kuutuliza Udongo wa Owino Uhuru



Hapo mbele nimeweka ndoo mbili. Naomba zipitishwe, kila mtu afunue na anuse. Ya kwanza ina maganda ya ndizi, majani ya kabeji na pumba za mahindi, vitu vya soko la Kongowea, vilivyoshindiliwa na kufungiwa bila hewa kwa wiki 2. Inanuka uchachu, kama uji wa juzi. Ya pili ilianza hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba taka zake zilitolewa kwenye ndoo, zikachanganywa na samadi kavu na makumbi ya nazi, zikarundikwa chini ya makuti na kugeuzwa kila wiki kwa miezi 4. Hii haina uchachu tena. Inanuka ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Ukiifinya mkononi inashikana, ukiigusa kwa kidole inamomonyoka. Yote nitakayosema yanatokana na tofauti ya ndoo hizi mbili.

Kisa cha mtaa huu wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, mnakijua kuliko mimi. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2014 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ukutani mwa makazi ya watu, na moshi na maji yake yakabeba risasi, ile metali yenye sumu, hadi ndani ya nyua. Mama Phyllis Omido akaupigania mtaa huu mpaka dunia ikasikia. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walioathirika walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe. Rufaa zikafuata, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi wa fidia. Miaka yote hiyo watoto wamekuwa wakicheza juu ya udongo uleule.

Sasa hivi kuna watu wanaopita mitaani wakisema taka zilizochachushwa “zinakula” risasi. Naomba tulikatae neno hilo leo, hapa hapa. Vijidudu vya mboji vinaweza kuvunja mafuta machafu na dawa kadhaa za wadudu, kwa sababu hivyo ni vitu vilivyoungwa na vinaweza kutenganishwa. Risasi ni elementi. Haiozi, haiungui, haizeeki. Ikiwa kilo moja imo katika kiwanja chako leo, wajukuu wako wataikuta kilo moja, isipokuwa mtu aichimbe aipeleke kwingine au mvua iisukume kwa jirani.

Kinachowezekana ni kuifunga. Mboji iliyoiva, kama ile ya ndoo ya pili, ina chembe nyeusi zenye chaji hasi, na risasi iliyoyeyuka ina chaji chanya, basi hushikwa na kung'ang'aniwa. Shaba nayo hushikwa kwa nguvu. Zinki na kadimiamu hushikwa kwa ulegevu zaidi. Risasi iliyofungwa hivyo haipandi kwa urahisi kwenye mizizi, wala haishuki kwa urahisi kwenye maji ya kisima. Na udongo uliopata mboji huota nyasi. Nyasi hizo si mapambo: zinazuia vumbi, na vumbi ndilo linaloingia mdomoni mwa mtoto anayetambaa.

Lakini kifungo hicho hulegea udongo ukiwa na tindikali. Rudini kwenye ndoo ya kwanza. Ule uchachu ni tindikali ya maziwa na ya siki, na pH yake iko karibu na 4. Ukizimwaga taka hizo mbichi juu ya udongo wenye risasi, unaweza kuifungua ile uliyotaka kuifunga. Wakulima wetu wamefundishwa kutengeneza bokashi, yaani taka zilizochachushwa kama hizo, na kwenye shamba safi ni mbolea nzuri sana. Kwenye udongo wenye sumu ichukuliwe kama hatua ya kwanza tu: inalainisha taka na kufukuza nzi. Baada ya hapo lazima ivundikwe kwenye rundo lenye hewa, ipate joto la nyuzi 55 au zaidi, igeuzwe, ipoe, iive. Mwenye haraka atadhuru majirani zake.

Wenzetu wamepita njia hii. Tarehe 25 Aprili 1998 bwawa la mabaki ya mgodi lilipasuka Aznalcóllar, karibu na Seville, Uhispania, na tope lenye metali likafunika zaidi ya hekta 4,000 za bonde la mto Guadiamar. Waliling'oa tope kwa mashine, lakini mabaki yakabaki. Watafiti wakatandaza mboji ya taka za mji pamoja na chokaa inayobaki kwenye viwanda vya sukari. Tindikali ikapungua, metali zinazoyeyuka zikapungua, mimea ikarudi. Hata hivyo, wakulima hawakurudishwa kulima pale. Bonde likafanywa hifadhi. Uamuzi huo nauheshimu kuliko grafu zote za utafiti ule.

Na huko Oakland, California, katika mtaa wa South Prescott, tangu mwaka 2011 mifupa ya samaki iliyosagwa ilichanganywa kwenye nyua zenye risasi. Fosfeti ya mifupa huungana na risasi kuwa madini magumu, yasiyoyeyuka kwa urahisi hata tumboni. Kisha wakafunika kwa udongo safi na nyasi. Sisi ni watu wa pwani, mifupa ya samaki tunaitupa. Tuikaushe, tuisage, tuichanganye na mboji iliyoiva. Tahadhari moja: risasi ya betri huwa na aseniki kidogo, na fosfeti inayofunga risasi inaweza kuifungulia aseniki. Kwa hiyo maabara ipime zote mbili, kabla na baada.

Mboji yenyewe pia ipimwe. Taka za jalala zina betri za tochi na majivu ya mipira, nasi hatuna haja ya kuongeza sumu juu ya sumu. Zichukuliwe taka za soko zilizotengwa tangu kwenye meza ya muuzaji. Kumbukeni pia kwamba katika joto la Mombasa mboji huisha upesi. Ukiitandaza mara moja ukaenda zako, kifungo kitachakaa. Bajeti iwe ya kila mwaka.

Kina mama mtaniuliza kuhusu mchicha. Usipandwe kwenye udongo huo, hata baada ya mboji. Mchicha na sukumawiki vipandwe kwenye magunia yenye udongo ulioletwa kutoka kwingine, yakae mbali na ukuta wa kiwanda, na majani yaoshwe kwa maji mengi. Ninachopendekeza tuanze nacho ni kipande kimoja, kile cha njia ya watoto kwenda shule: tukipime, tukitandazie mboji na mifupa, tukipandie nyasi, na baada ya masika mawili tukipime tena mbele ya wenye mtaa.