Sindano ya Insulini Haina Kesi ya Kujibu

Msikilizaji, mama mwenye kisukari akiambiwa na jirani kwamba sindano ya insulini huleta saratani ya titi, atafanya nini? Wapo watakaoiweka dawa kando na kukimbilia mitishamba. Leo nasema na mama huyo, awe Fukayosi, Kiwangwa au Bagamoyo mjini, maana ndani ya uvumi huo mna chembe ya ukweli iliyopachikwa pasipo mahali pake.

Ukweli ni huu. Insulini hutoka kwenye kongosho na huiwezesha sukari iliyo kwenye damu kutumika mwilini. Mtu akinenepa sana, hasa tumboni, na akawa haushughulishi mwili, mwili huwa sugu kwa insulini. Kongosho huongeza insulini, kisha huongeza tena, na damu huweza kujaa homoni hiyo kwa miaka kabla kisukari hakijaonekana kwenye kipimo.

Insulini, lakini, ni homoni ya kukuza pia. Ina ndugu yake atokaye zaidi kwenye ini, anayeitwa IGF-1, na wote wawili huzihimiza seli za titi zigawanyike. Mkulima wa mananasi analijua hili: mbolea haichagui, hustawisha nanasi na gugu pamoja. Tena, insulini ikizidi hupunguza protini inayoishikilia homoni ya kike ya estrojeni, nayo estrojeni hubaki huru kufika kwenye titi.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake waliokoma hedhi. Kati ya wasiotumia dawa za homoni, wenye insulini nyingi zaidi kwenye damu walikuwa na hatari ya saratani ya titi zaidi ya maradufu ya wenye insulini kidogo zaidi.

Na sindano je? Mwaka huohuo hofu ilizuka duniani juu ya aina moja ya insulini, glajini. Utafiti wa ORIGIN ukafuatilia watu zaidi ya 12,500 kwa takriban miaka 6, na mwaka 2012 ukajibu: waliochoma glajini hawakupata saratani zaidi kuliko wenzao. Sindano haina kesi ya kujibu. Anayeiacha bila kauli ya daktari ndiye anayejihatarishia macho, figo na uhai wenyewe.

Mwenye kesi ni mwenendo wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Watanzania wa kike wenye uzito uliozidi walikuwa kama 11 katika kila 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta 28. Shamba lililofikiwa kwa miguu sasa linafikiwa kwa bodaboda, chai inazidi sukari, soda imejaa vibandani. Na mwanamke akinenepa tunamsifu: ndoa imemkubali! Hakuna kidonge cha mkato hapa. Metformini, dawa ya kisukari, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya titi, na matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha haikuzuia ugonjwa kurudi kwa wasio na kisukari.

Hata hivyo, tusimnyooshee kidole mgonjwa. Saratani hii huwapata wembamba na vijana pia. Kinachotuua zaidi ni kuchelewa: inakadiriwa wanawake 8 kati ya 10 wenye saratani hii nchini hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Uvimbe wa mwanzo mara nyingi hauumi, na kwa sababu hauumi tunaupuuza.

Basi mama zangu, dada zangu: endeleeni na dawa zenu za kisukari, tembeeni, punguzeni sukari. Ukigusa uvimbe kwenye titi au kwapani, chuchu ikitoa damu au ikizama ndani, nenda zahanati wiki hiyohiyo, na ukipewa rufaa ya hospitali ya Bagamoyo au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, usiilalie. Nanyi akina baba, nauli ya safari hiyo itoeni bila kuombwa mara mbili.